Filta Niliyoikaza Mwezi wa Tano

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata kanisani, tunapoachiwa dakika ya kuungama kimya kimya, huwa naliruka.

Ni mimi niliyefunga filta ya oili ya gari la Papa. Likizo ya mwezi wa tano. Si Levis. Si Papa mwenyewe. Mimi, Aguti.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Papa anakisema sokoni, kukisoma hawezi. Mama hivyo hivyo. Mimi shule ya msingi nilisomea ng'ambo, upande wa Kenya, nikaandika insha mpaka vidole vikauma, kabla sijaletwa sekondari Tororo ambako kila kitu ni Kiingereza. Hapa nyumbani Buteba, upande wa Uganda, ni Kiteso tu. Mwingine anayeweza kusoma haya ni dada yangu Akwi – yeye pia alisomea ng'ambo. Ndiyo maana daftari linalala chini ya godoro.

Ilikuwa hivi. Levis, mchumba wa Akwi, ni fundi wa magari Busia, upande wa Kenya. Alikuja kubadilisha oili. Akamwaga ya zamani, akatoa filta ya zamani, halafu simu ikalia: kuna lori limekwama Malaba. Akaniambia, "Shemeji, usiguse kitu. Kesho narudi kumalizia."

Filta mpya ikabaki juu ya boneti ndani ya boksi lake. Nikaitazama sana. Nilishamwona akifunga mara tatu. Nikajilaza chini ya gari nikaifunga. Kwa mkono kwanza. Halafu nikaogopa – ikivuja je? Nikachukua ule mnyororo wenye mpini, wa kufungulia, nikakazia nao. Nikaning'inia nao kabisa. Mpira wake sikuupaka hata tone la oili. Levis huwa anaupaka kwa kidole, usije ukagandia injini. Nilisahau. Halafu nikamimina oili mpya, kama anavyofanya.

Papa aliporudi akauliza, Levis amemaliza? Nikasema ndiyo. Kesho yake Levis akafika, akauliza nani amemalizia. Nikasema Papa.

Mtu akinitazama usoni nasema chochote, bora aache kunitazama.

Leo Papa ameamua kubadilisha oili mwenyewe, gari liwe tayari kwa Jumamosi. Amemwaga yote, iko kwenye beseni, nyeusi kama masizi. Filta imekataa kutoka.

Jumanne, 26 Agosti

Bado.

Papa amejaribu kwa mkono. Kwa kitambaa kikavu. Kwa msasa. Kwa mnyororo – ukateleza, akajigonga vidole. Mimi kazi yangu ni kumulika na tochi ya simu. Akaniambia, mbona unamulika tairi, kwani filta iko huko?

Jirani yetu Benard alisimamisha pikipiki kuchungulia. "Mzee, hiyo filta imeshaolewa hapo. Dai ng'ombe zako." Papa hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Watu wa Levis wanavuka kuja kuongea ng'ombe za mahari ya Akwi. Na hakuna wa kufungua mdomo upande wetu bila Papa Ebong, kaka mkubwa wa Papa, aliye Merikit. Miguu imemvimba, pikipiki hapandi. Lazima gari limfuate. Mwezi wa pili siku iliahirishwa kwa sababu ya msiba. Akwi alishasema ikiahirishwa tena, watu wa Levis wataona tunawachezea.

Akwi ameosha mazulia yote. Anaimba.

Jumatano, 27 Agosti

Papa amepigilia bisibisi kubwa katikati ya filta, ikatokea upande wa pili. Akavuta kama mtu anayezungusha usukani. Bati likachanika. Akavuta tena. Likachanika lote, likabaki mkononi mwake kama kopo la samaki lililofunguliwa na meno.

Kilichobaki juu kule ni kile kisahani cha mdomo wa filta tu, kimeng'ang'ania injini. Hakuna pa kushika.

Papa akatoka akakaa kwenye matofali. Oili mpaka masikioni. Akasema, polepole, "Aliyefunga hii hakufikiria kama kuna mtu siku moja atataka kuifungua."

Nilikuwa nimeshika tochi. Mchana kweupe, tochi bado inawaka, namulika miguu yake.

Mama akasema basi tukodi gari la kumleta Papa Ebong. Papa akasema tatizo si gari tena. Akampigia Levis simu, akamwambia aje kesho aone kazi yake.

Kazi yake, alisema.

Alhamisi, 28 Agosti

Levis amekuja saa nne. Mama alipomwona njiani akazunguka nyuma ya jikoni na mwiko wake. Mama hapaswi kukutana uso kwa uso na mkwe, na Levis naye akageuza macho kwenye migomba mpaka mlango wa jikoni ufungwe. Huku kwetu ndiyo heshima. Na mbele ya baba mkwe unasimama mbali, unajibu ukiulizwa, hubishi. Levis si Mteso lakini haya yote Akwi alimfundisha, na ameyashika kuliko sisi wenyewe.

Papa alimwongelesha kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nani alifundisha wewe kufunga hii kitu? Ulifunga na miguu?"

Levis akavua kofia. "Pole, Mzee."

"Pole ya nini? Angalia. Injini yangu umeifunga kama mlango ya jela."

"Pole, Mzee. Nitaitoa."

Akainama, akatoa patasi na nyundo kwenye mkoba. Anajua anachofanya, anagonga ukingoni kidogo kidogo ili kisahani kizunguke. Papa akamwacha labda dakika mbili. Halafu akamnyang'anya ile patasi. "Acha. Ulishafanya ya kutosha."

Levis akafuta mikono, akarudi nyuma hatua tatu kabla ya kugeuka. Mkoba ndio akausahau. Akwi akanituma niupeleke.

Nilimkuta pale barabarani. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Akaniambia, "Shemeji, si wewe uliniambia Mzee ndiye alimalizia? Sasa mbona anabandikia mimi? Siwezi kumwambia Mzee ni yeye. Nitamwambia na mdomo gani? Lakini kama hanitaki kwa Akwi, si aseme tu. Asipitie kwa filta."

Yaani yeye anajua ni Papa. Papa anajua ni yeye. Na heshima imewaziba wote wawili – mmoja hathubutu kujitetea, mwingine haoni haja ya kuuliza. Katikati niko mimi na mkoba wa spana.

Tulikuwa wawili tu. Hakuna aliyekuwa akinitazama, hata yeye alikuwa akitazama lami. Kuungama kungekuwa rahisi kuliko siku zote nitakazowahi kupata.

Nikasema, "Pole."

Ijumaa, 29 Agosti

Asubuhi Papa alimwita Akwi pale kwenye matofali. Mimi nilikuwa nachambua maharage kibarazani, nikasikia yote. Amwambie Levis watu wake wasije kesho. Akwi akauliza, kwa sababu ya filta, Papa? Papa akasema si filta. Akasema mwanamume asiyejua kipimo cha nguvu zake kwenye bati dogo vile, kwako atajua kipimo gani? Nani atakuja kukufungua wewe?

Hakusema kwa ukali. Ndicho kilichoniua. Alisema kama mtu ambaye hakulala.

Mama alitoka jikoni akasema kijana yule ni mpole. Papa akajibu, wapole ndio hao, huwezi kujua mpaka ukae chini ya gari.

Sikuwahi kufikiria kwamba Papa anaogopa. Nilidhani ana hasira tu, na hasira huwa inapoa. Hofu haipoi. Na hofu yenyewe ni ya mikono yangu mimi – mikono iliyokaza ile filta ndiyo anayoiogopa kwa Akwi, na ndiyo inayomchambulia maharage ya mchana.

Nikisema sasa itasaidia nini? Gari bado limelala na kisahani chake. Levis ameshatukanwa mbele yetu. Papa ameshayasema maneno, na Papa hajawahi kurudi kumwomba radhi kijana, sijui kama anajua inavyofanywa. Na Akwi atajua nilinyamaza siku nne nikimtazama akiosha mazulia. Haimbi tena. Mazulia ameyakunja tena.

Saa kumi sasa. Kule nje Papa amerudia kugonga patasi mwenyewe. Ko. Ko. Ko. Akigonga vibaya patasi inaruka na anasema jina la Levis.

Akwi bado hajampigia Levis. Amekaa jikoni tangu mchana, simu mapajani. Hapa chumbani ndipo mtandao unashika vizuri, pale dirishani juu ya kitanda changu. Lazima aje hapa.

Nyundo imenyamaza.

Nasikia malapa ya Akwi. Moja limekatika, limefungwa waya, linakwaruza sakafu. Anakuja. Nimeshainua godoro, mkono mmoja ukingoni, mwingine bado unaandika. Anaweza kusoma kila neno hapa.

Ameshapita sebuleni. Godoro nimeliachia. Daftari liko magotini, wazi. Namfunulia ukurasa wa Jumatatu, ausome.