Utepe Uliokunjwa Ncha

S.L.P. 41,
Nova Dolyna,
Saskatchewan.

16 Februari 2023.

Mpendwa mdogo wangu Lukian,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali kukunjika tena tangu ulipoanguka kwenye barafu. Kifua cha shemeji Noreen kinaendeleaje? Na binti yenu Teodora, ameshajifungua au bado mnahesabu siku? Mimi sijambo. Mkono wa kushoto haukazi spana kama zamani, lakini miguu inanifikisha ninakotaka.

Baridi ya mwaka huu ni kali hata kwa watu wa huku. Tumekaa siku nne kwenye nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na upande wa magharibi theluji imeziba madirisha yote ya chini. Kuku wawili wamekufa. Dmytro, kijana wa jirani yetu mzee Hnatiuk, na sasa yeye mwenyewe ni babu, huja na trekta kila asubuhi kunisafishia njia, na kila asubuhi huniuliza mlangoni kama bado niko hai. Humjibu kwamba maiti hachemshi kahawa, naye huingia akanywa.

Mabomba ya hewa bado yanagonga kama tulipokuwa watoto. Nadhani hukusahau. Kila tanuri la kupashia nyumba joto likiwaka kule chumba cha chini, bati lilikuwa likipanuka na kugonga mara tatu ukutani, na baada ya Baba kufariki Mama alikuwa akisema, "Huyo ni baba yenu anatafuta bisibisi yake." Miaka yote hii nimeishi humu peke yangu nikisikia mlio ule, na sikuwahi kuuogopa. Sasa nauogopa kila unapoanza.

Nina jambo la kukueleza. Nimeinua simu mara tatu na kuirudisha. Wewe una moyo mwepesi; ungenikatiza kwa kunihurumia kabla sijamaliza, nami ningefurahi kukatizwa. Kwa hiyo nimeliandika, nawe ulisome mpaka mwisho.

Jumanne ya wiki iliyopita mota ya feni ya tanuri letu iliungua. Gesi iliwaka vizuri, lakini hewa ya moto haikupanda. Nilimpigia fundi wa mjini, akaniambia barabara imefungwa na nisimtarajie kabla ya siku tatu. Niliwasha jiko la kuni jikoni, nikafungua mabomba ya maji yatiririke kidogo yasigande. Kufikia adhuhuri, ndoo iliyokuwa chini ya sinki ilikuwa imeshika barafu. Nikajua siku tatu hatutazifikisha, mimi na nyumba hii.

Ndipo nikalikumbuka tanuri la zamani. Unajua liko wapi. Tangu mwaka ule nilipoamuru litolewe, limelala bandani nyuma ya mashine ya kupandia ngano, chini ya turubai. Hapa kwetu hakitupwi kitu chenye chuma. Mota yake ilikuwa nzima siku lilipozimwa, na shafti yake, kile chuma kinachozungusha feni, ni nusu inchi kama ya hili jipya. Nilimwomba Dmytro anisindikize.

Tulipovuta turubai, alirudi nyuma hatua mbili.

"Mwalimu, si ndilo lile?"

"Ndilo."

"Mimi nisingeligusa hata kwa fimbo."

"Hukuombwa uliguse. Umeombwa ushike tochi."

"Nikishika tochi vibaya, usinikaripie kama darasani."

"Basi shika kwa mikono miwili."

Alishika kwa mikono miwili. Mlango wa bati ulikuwa umeegemezwa tu mahali pake, nikautoa. Upande wake wa ndani kulikuwa na orodha ya Baba, kwa penseli ya seremala, kama alivyotulazimisha: anayefungua mashine yoyote ya nyumba hii aandike ndani yake siku, kazi aliyoifanya, na herufi ya jina lake. Mwandiko wa Baba ulianzia mwaka wa 1974. Mistari miwili ya mwisho ilisomeka hivi: "11 Novemba 1989, mota imetiwa mafuta, S." na chini yake, "23 Novemba 1989, chujio jipya, L."

Mstari wako umenyooka vizuri. Nilikuwa nimeusahau mwandiko wako wa ujana.

Kisha Dmytro akasogeza tochi, nikaiona swichi ya mlango. Ilikuwa imebanwa kwa utepe mweusi wa umeme, umezungushwa mara mbili, na ncha yake ilikuwa imekunjwa.

Huhitaji kuelezwa maana yake, lakini nitaiandika ili isibaki kichwani mwangu peke yangu. Baba alitufundisha kwamba utepe wa kudumu hukatwa sawasawa, na utepe wa muda hukunjwa ncha, ili kidole kipate pa kushika na jicho likumbuke kwamba kuna kitu cha kuondoa. Wewe hukuwahi kukunja ncha hata siku moja. Baba alikuwa akikubandulia utepe wako mbele ya wageni na kukuuliza, "Luko, huu tumeuoa?" Mimi ndiye niliyekunja. Nilikunja kila mara, na nilijivunia.

Siku ile ya tarehe kumi na moja nilikuja kutoka mjini nilikokuwa nikifundisha kwa sababu Mama alilalamika kwamba feni inalia. Nilishuka chumba cha chini, nikafungua mlango, nikaitia mota mafuta. Nilitaka kuiona ikizunguka, na kama unavyojua, tanuri haliwaki mlango ukiwa wazi, kwa sababu swichi ile huachia likazima. Niliibana kwa utepe. Feni ikazunguka bila kelele. Nikawa nimechuchumaa pale, nimeridhika, Mama akaniita kupitia tundu la hewa la jikoni.

"Stefka! Pirohi zinapoa! Hilo lichuma halina njaa!"

Nilirudisha mlango juu ya utepe nikapanda. Nilikula pirohi kumi na mbili zilizojazwa viazi, na Mama akanifungia nyingine kwenye kitambaa. Nimekaa siku tisa nikijaribu kukumbuka kama nilifikiria ule utepe walau mara moja njiani, nikiendesha gari kurudi mjini. Sikuufikiria.

Sitakuambia uongo wa kukuliwaza. Wewe mlango uliuacha bila kuukaza. Ulibadilisha chujio la hewa kwa haraka, ukaenda Yorkton kwenye mashindano ya kusukuma mawe juu ya barafu, theluji ikakufungia huko mpaka asubuhi. Hayo ni kweli na wewe hukuyakana hata mara moja. Lakini mlango ulioachwa wazi haukutakiwa kumuua mtu. Tanuri lingezima lenyewe. Mama angesikia baridi, angevaa koti, angekutukana kwa Kiukraina na kwa Kiingereza, na asubuhi ungemkuta jikoni amekasirika. Tanuri halikuzima kwa sababu swichi ilikuwa imebanwa. Feni ikavuta moshi wa gesi, ule usio na harufu, ikaupandisha kwenye mabomba hadi kwenye tundu lililo kando ya kiti chake.

Mtu aliyekuja kukagua aliandika "mlango haukufungwa", akaenda zake. Mimi sikuangalia. Mimi niliyefundishwa na Baba kufungua na kuangalia kila kitu, hicho nilikataa kukiangalia. Nilisema sitaki kuliona tanuri lile, nikaamuru litolewe.

Badala yake nilikuangalia wewe. Katika chakula cha matanga, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya akina mama wote waliokuja na vyungu vyao vya supu ya borshi, nilisimama nikakuambia maneno ambayo hujayasahau, nami pia sijayasahau: "Mlango, Luko! Mlango tu! Hata mtoto wa darasa la pili anajua kufunga mlango." Ulikuwa na sahani mkononi. Uliiweka mezani taratibu, ukatoka, na kabla ya Krismasi ulikuwa umeshahamia Yukon, mbali kaskazini.

Noreen aliwahi kuniambia kwamba huwezi kubadilisha hata balbu, kwamba mnamwita mtu na kumlipa. Nilicheka. Nilikwenda kuwasimulia walimu wenzangu: ndugu yangu, mtoto wa Petro Sawchyn, anaita fundi wa balbu. Mtu aliyeweza kufumua pampu ya kisima akiwa na miaka kumi na minne.

Na kila Novemba unanipigia. Unauliza hali ya hewa, unauliza bei ya ngano, halafu unanyamaza, halafu unauliza, "Dada, umefunga mlango?" Nami kila mwaka nimekujibu neno moja, "Nimefunga," kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwa watoto waliochelewa. Mara thelathini na tatu, Luko. Ningeweza kuhesabu kimya chako kwa dakika, na nilikiacha kiwe kirefu makusudi.

Nilimaliza kazi yangu siku ile ile. Dmytro alibeba mota mpaka chumba cha chini, nami nikaifunga na kuunganisha nyaya. Ilipofika wakati wa kuijaribu, ilibidi swichi ya tanuri jipya ibanwe ili niione ikizunguka. Dmytro akatoa utepe mfukoni, akakata kipande, akaninyooshea.

"Chukua, Mwalimu. Sekunde mbili tu."

Nilishindwa kuupokea. Nilimwambia aurudishe mfukoni, naye akaurudisha. Niliibana swichi kwa kidole changu. Feni ilizunguka, ile ile, kwa sauti ile ile niliyoisikia nikiwa nimechuchumaa na kuridhika, na hewa ya moto ikapanda jikoni kwa Mama. Nilishikilia mpaka kidole kikafa ganzi. Kisha nikakiondoa, na tanuri likazima.

Likazima mara moja, Luko. Swichi ile ni kitu kidogo sana, kidogo kuliko jino.

Fundi alifika Jumamosi na mota mpya. Nilimwambia asiibadilishe, akaniona kizee mbishi. Kwa hiyo mota ile ndiyo inayonipasha joto ninapokuandikia. Usiku na mchana inawaka na kuzima, mabomba yanagonga mara tatu, na kutoka kwenye tundu lililo kando ya kiti inakuja sauti ya pumzi. Nimekifunika kiti kwa shuka, lakini shuka linapumua pia. Mara mbili nimejikuta nimesimama mbele yake nikisema, "Ninakuja, Mama, zisipoe." Sina homa, na akili yangu ni timamu. Nimechagua kuisikia, kwa kuwa wewe umeisikia miaka yote hii ukiwa mbali, wala haikuwa haki uisikie peke yako.

Mlango wa bati nimeuleta ndani. Uko mezani, na karatasi hii iko juu yake. Utepe sikuubandua, nimeukata pamoja na swichi, umo ndani ya bahasha, uuone kwa macho yako na uishike ncha yake. Chini ya mstari wako nimeandika mstari uliokosekana, kwa penseli ya Baba, kama sheria ya nyumba inavyodai: "11 Novemba 1989, swichi imebanwa kwa utepe, haikufunguliwa. S." Nimekuwa na deni la mstari huo kwako na kwa Mama.

Siombi unijibu haraka. Ukiona huwezi kunijibu kabisa, nitaelewa, na sitamwuliza Noreen. Lakini Novemba usinipigie. Nitapiga mimi. Nitauliza hali ya hewa, nitauliza goti, halafu nitanyamaza kwa muda utakaoutaka wewe, na swali la utepe, ninalostahili kuulizwa mimi, uniulize.

Nisalimie shemeji Noreen, na Teodora na mumewe. Mtoto akizaliwa mwambieni ana bibi mzee Saskatchewan anayejua kurekebisha baiskeli. Binamu Melania anakusalimu, na Dmytro anasema kiti chako jikoni kwa Hnatiuk hakijakaliwa na mtu mwenye akili tangu ulipoondoka. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe usingizi ambao mimi nilikunyima.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda siku zote na kukuhukumu siku zote,

Stefania.