Nyasi Zilizotaka Baridi ya Bugarama

Mzee Ladislas,

Ni mi Spesi, yule mjane wa Kinama uliyemfundisha kazi ya bustani. Huu ni mwezi wa nne tangu gari lenu lishambuliwe njiani kwenda Bugarama, na bado sijazoea. Asubuhi naingia kwenye bustani yetu ya Kiriri, namwagilia, nakata, natoka. Siku nzima inaweza kupita sijasema na mtu. Tajiri mpya hunipungia mkono kutoka barazani, basi.

Nyasi nyekundu, zile zenye mikia kama ya paka, zinastawi kule ukutani linakochoma jua la saa saba. Ulisema kweli, hizo ni za joto. Kivulini zinalegea tu. Lakini pale palipokuwa na nyasi za buluu, alizozileta Madame, tajiri wetu wa kwanza, kutoka kwao, pamebaki udongo mtupu. Zilipoanza kukauka katikati nilizidisha maji, mizizi ikaoza. Ulinishika mkono wenye ndoo.

"Apana, mama. Haina kiu, inasikia joto. Huku hata usiku hakupoe, itapumuzika saa ngapi?"

Ukang'oa mashina matatu yaliyobaki hai, ukayafunga ndani ya gunia bichi, ukampelekea dada yako mlimani, Bugarama. Nilikucheka. Vita hivi, na mtu anahamisha majani. Safari ile ulirudi. Ya pili, ulipokwenda kumwona dada yako mgonjwa, hukurudi.

Sikukuzika, Mzee. Njia ilikuwa imefungwa, na Kinama tulikuwa tumekimbia tena. Nilikuwa nalala Mutakura kwa watu. Nilisikia habari zako sokoni, nimeshika nyanya mkononi. Nikazilipa. Sijui kwa nini nakuambia hilo.

Wiki iliyopita magari yalipanda yakilindwa na askari, nami nikapanda. Dada yako amepona. Nilimkuta kando ya uzio na mundu, anakata nyasi za buluu awape mbuzi. Zimejaa, Mzee, nene, na saa nne bado zina umande. Nilikaa chini nikalia. Akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, na huyu huyu kaka yako. Akaweka mundu chini.

"Aliniambia yanataka baridi," akasema. "Hakuniambia kama si ya mbuzi."

Tulicheka, halafu tukalia pamoja. Kwa miezi minne nilikuwa nalia peke yangu.

Alinipeleka kwenye kaburi lako, kisha akaning'olea shina moja nishuke nalo, liwe ukumbusho. Nililibeba mpaka kwenye gari. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikarudi mbio, nikalifukia miguuni pako kwa mikono, nikashuka na kucha zenye udongo.

Lala kwenye baridi yako, Mzee wangu. Kila njia itakapofunguliwa nitapanda kuja kuzipalilia, na sitashusha hata jani moja. Huku kwenye joto nitabaki mimi.

Spesi