Sufi ya Ndani ya Spika

Castle Vale,
Birmingham.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshamgawia mtu kanisani kama kawaida yako? Mdogo wangu Mwadime ananiambia nyumbani hakuna neno, halafu kabla hatujaagana ananiambia huli. Sasa nishike lipi?

Barua hii anakuletea rafiki yangu Nanjala, muuguzi, ambaye anashuka Mombasa Jumanne na amekubali kupitia Voi kabla ya kwenda kwao. Atakukabidhi pia mfuko mweupe, mkubwa lakini mwepesi. Usiufungue kwanza. Vaa miwani, usome mwenyewe, usimpe Mwadime akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mimi ni mwongo, Mama. Utaona mbele kwa nini nasema hivyo.

Mwadime amenieleza kwamba umewaita wazee wa ukoo Jumamosi, na kwamba unataka kaburi la Baba lifunguliwe. Nakuomba, lisiguswe. Baba hayuko shimoni anaita watu. Ile sauti niliiharibu mimi kwa mikono yangu. Nitakueleza polepole, maana nina aibu.

Unayakumbuka yale mapande mawili ya sakafu sebuleni, pale ambapo saruji imebaki nyeusi kwa sababu spika za Baba zilikaa miaka na miaka? Alipoziuza ili mimi nipande ndege, hukuweka kitu pale. Hata kiti. Kila Mwadime akinipigia video, naona yale mapande mawili nyuma yake. Nilijiapiza nitayafunika. Baba akafa hayajafunikwa.

Basi mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikuwa mtaa wa Harborne, natoka kwa bibi mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake, nikaona karatasi imebandikwa kwenye dirisha la duka. Mtu anauza spika. Picha yake ilikuwa ndogo, lakini nilizijua mara moja. Mbao zilezile za hudhurungi, kitambaa kilekile cha mbele, na ule upana wa kuzidi kumbatio. Nilipiga simu palepale kituoni, mabasi mawili yakanipita.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu, mjane, mrefu mpaka anainama mlangoni kwake mwenyewe. Zilikuwa spika za mkewe. Alisema hajaziwasha tangu mkewe azikwe, kwa sababu muziki ukiisha anaisikia nyumba. Mama, mimi naingia nyumba za wazee kila siku na nilimwelewa bila kuuliza. Aliziwasha ili nione ni nzima, na wakati zinaimba aliweka kiganja juu ya moja, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha. Aliponiuliza nitasikiliza nini nikamwambia ni za mama yangu, asikilize sauti ya baba. Akanisaidia kuzibeba hadi mlangoni, na hakutoka nje kutuaga, mimi na spika.

Hapo mambo yalikuwa sawa. Ujinga wangu unaanzia Sparkhill.

Kule yuko Mkongomani mmoja, mtu wa Uvira, Ya Dieudonné tunamwita, yaani kaka Dieudonné, anayekusanya mizigo ya watu wa kwetu na kuipakia kwenye kontena. Unalipia sanduku, si uzito. Kwa hiyo sisi sote huku tumejifunza kutoacha uwazi. Ukituma sufuria, ndani ya sufuria kuna sukari. Ukituma viatu, ndani ya viatu kuna soksi, na ndani ya soksi kuna sabuni. Ya Dieudonné mwenyewe ana msemo wake anapokagua masanduku: "Hatubebake hewa, dada." Mtu anayetuma hewa nyumbani anachekwa, na mimi sikutaka kuchekwa.

Nikazitazama zile spika nikasema, haya masanduku mawili makubwa yote yaende matupu? Nikatafuta bisibisi, nikafungua mgongo. Ndani nikakuta sufi. Nyingi, nyeupe, imejazwa kila kona. Nikadhani ni takataka za kiwandani, kama zile karatasi wanazojaza ndani ya viatu vipya. Nikaitoa yote. Moja nikajaza sweta zako na viatu vya mtoto wa Mwadime. Ya pili nikatia sabuni, taulo, na ule mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi. Nikafunga skrubu, nikajipongeza. Binti wa fundi redio, Mama! Niliyekua chini ya meza yake nikiokota skrubu zilizoanguka. Alituambia mara ngapi, usitoe kwenye chombo kitu usichokijua kazi yake? Mimi nikatoa yote.

Ya huko mnayajua kuliko mimi, ila nitayasema nilivyoyapokea, ili ujue kwamba najua. Mwadime aliniambia sanduku moja lilifika kitambaa cha mbele kimetuna. Alipokivua, ile karatasi nyeusi inayotikisika ilikuwa imepasuka, na ncha za mpasuko zimeelekea nje. Wewe ukamwambia, huyu aliyepasua alikuwa ndani anatafuta njia ya kutoka. Yeye akacheka. Baada ya kanisa akaiunganisha ile nzima na redio, akaenda dukani kwa Baba kwenye droo akatoa kaseti ya kujaribia, ile aliyojirekodi mwenyewe. Ulikuwa unachambua maharagwe. Sauti ikatoka.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Unanisikia? Kama unanisikia, itikia."

Miaka yote ile akijaribu redio za watu ulikuwa unamjibu kutoka jikoni kwamba unamsikia na chai yake inapoa. Sasa Mwadime anasema uliangusha ungo. Anasema haikuwa sauti ya Baba aliyoizoea, ilikuwa nzito, inavuma, kama mtu anayesemea ndani ya kisima. Ulimjibu. Ukamuuliza, "Uko wapi, Baba Wakesho? Nani amekuacha huko?" Na tangu siku ile umehamishia kitanda sebuleni, sahani inarudi ilivyokwenda, na kila ukiambiwa uizime unasema huwezi kumzimia mtu anayekuita. Umeshasema na sababu: kwamba hatulii kwa kuwa mtoto wake wa kwanza hakumtupia udongo.

Mwadime alinificha hilo la mwisho wiki nzima. Aliponiambia nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya watu na sare yangu ya kazi nikalia mpaka jirani akanifungulia mlango wake.

Hasira ikanipanda, na kwa kuwa siwezi kukukasirikia wewe, nikamkasirikia Ya Dieudonné. Nikaenda Sparkhill na picha ya mpasuko na ile video aliyorekodi Mwadime. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba watu wake wametupa mzigo wangu ovyo na sasa mama yangu anakufa njaa. Nilisema mengi, Mama, mengine hayaandikiki. Kumbe kwao alipiga gitaa la kanisa, na spika amezifungua na kuzifunga tangu ujana. Akaikuza ile picha kwa vidole. Akaniuliza kulikuwa na nini ndani. Nikamtajia zawadi zote mpaka mkebe. Akaniuliza mkebe ulikuwa wa mviringo au wa pembe. Wa pembe.

Kisha akaniomba video. Akasikiliza na sikio lake kwenye simu, akairudia, akasimamisha wale waliokuwa wanabandua mikanda ya gundi ili pawe kimya. Wote pale tukamsikia Baba akiuliza kama anasikika. Mama mmoja wa Kikongo aliyeleta mapazia yake alifanya ishara ya msalaba.

Ya Dieudonné akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto, "Dada, ile sufi ulitosha, uliiweka wapi?" Kwao kutosha ni kutoa.

Nikamwambia nimeshonea mto. Ilikuwa nyeupe, safi, nikaona haya kuitupa. Nimeilalia miezi yote hii.

Akaniambia ile sufi ndiyo inayoituliza sauti. Bila yake, sauti inagonga mbao, inarudi, inagonga tena, na mtu yeyote atasikika yuko shimoni, hata aliye hai, hata mtoto anayecheka. Akatoa simu yake, akaitia ndani ya ndoo tupu, akacheza ile video, nikasikia kisima chako chote. Akaizungushia koti lake mlemle ndani ya ndoo, akaicheza tena.

Alikuwa Baba. Baba wa dukani, na kalamu sikioni.

"Mpasuko ni mkebe wako," akasema, "na sauti ni weye. Lakini mama asiambiwe na mimi. Umwambie weye."

Ndio nakwambia. Nimeuchana ule mto jana, na sufi ndiyo hiyo iliyo kwenye mfuko mweupe. Mwadime aigawe mara mbili, nusu kila spika, aijaze bila kuikandamiza, kama wewe unavyojaza godoro la mtoto. Karatasi mpya badala ya ile iliyopasuka Nanjala anayo kwenye begi lake, Ya Dieudonné ameitafuta mwenyewe na amekataa asante yangu. Kama mtaona unywele wangu umenasa humo, najua huwa hutaki nywele za mtu ziachwe ovyo, lakini huo uacheni.

Nilidhani nitaishia hapa. Kalamu nimeiweka chini, nikapika chai, nikaiacha ikapoa.

Mama, unasema Baba hatulii kwa sababu sikumtupia udongo. Udongo nilishindwa, na hilo unalijua, pasi yangu iko kwa watu wa viza mpaka leo na sijui watairudisha lini. Nilizika kwa simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Lakini liko lingine ambalo hulijui, na tangu nisikie ile kaseti halinipi pumzi. Niko kwa bibi wa Harborne namchana nywele, namsikia. Niko ndani ya basi, namsikia.

Siku moja kabla hajafa, Baba alinipigia. Nilikuwa kazini, ndiyo, lakini nilikuwa nimemaliza, nimekaa tu, nimevua viatu. Nikapokea. Akasema, "Wakesho, unanisikia?" Nilimsikia, Mama. Nilimsikia vizuri mno, hata jogoo wa jirani nilimsikia nyuma yake. Na nilijua swali linalofuata, maana lilikuwa lilelile kila mara: unakuja lini? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechoka kutokuwa na jibu. Basi nikanyamaza. Akarudia, "Wakesho? Unanisikia?" Nikajifanya mtandao mbaya. Mara ya tatu alisema polepole, kama anasema na wewe pembeni, "Hanisikii." Nikakata. Nikajiambia kesho nitampigia na lile jibu nitakuwa nimelipata. Asubuhi Mwadime ndiye aliyepiga.

Hiyo ndiyo habari. Nimeiandika na mkono haujakatika. Ukinikasirikia, unikasirikie mimi ambaye una uhakika niko wapi, lakini wazee warudishe majembe yao. Baba ametulia. Asiyetulia ni mimi, na mimi sihitaji kufukuliwa, nahitaji unisamehe, na ule.

Nisalimie Mwadime, umwambie sikumkasirikia kwa kunificha. Nisalimie mkewe anayekubembeleza kwa uji, na mtoto wao ambaye nasikia viatu vimeshambana. Nisalimie shangazi Mghoi aliyenifunga kanga siku ya safari yangu. Nisalimie mchungaji, na wale wazee wa Jumamosi. Wapikie chai, wasirudi na njaa.

Salamu za mwisho ni za Baba. Sufi ikisharudi mahali pake, na spika zote mbili zimesimama juu ya yale mapande meusi, weka kaseti. Utamjua. Akifika pale anapouliza, najua mdomo wako utawahi, lakini nakuomba mara hii moja usimjibu wewe kwanza. Mwambie, Wakesho anakusikia, Baba. Mwambie alikusikia hata siku ile.

Kisha umwambie chai yake inapoa.

Mwanao,
Wakesho