Ua Lililopotea Kwenye Toleo la Sita

Jumapili, jioni. Mvua ya vuli ilinyesha asubuhi ikakatika, na sasa Kariakoo yote inanuka vumbi lililolowa na maganda ya machungwa. Nimeshiba pilau, nimevua viatu. Nina raha ambayo Ijumaa sikuitegemea hata kidogo.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi kazi yangu ni kuunganisha video za harusi. Nina chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la redio na televisheni la Mzee Jayanti, mwenye nyumba wangu. Wapiga video huniletea kanda, nami nakata, naunga, naweka muziki. Wenzangu wanakumbuka miaka kwa watoto waliozaa au nyumba walizopanga. Mimi nakumbuka kwa matoleo ya programu yangu ya kompyuta ya kuungia video.

Nilianza na toleo la pili. Lilijua kukata na kuunga tu, na kuandika majina ya maharusi kwa herufi za njano. Tuliona tumefika. Mtu aliyekua kwenye nchi isiyo na televisheni, akapanga foleni ya sukari na sabuni, leo anaandika jina la bibi harusi juu ya video! Kisha likaja toleo la tatu, likaleta maua, mioyo na njiwa, na mji ukapata wazimu. Harusi isiyo na njiwa ikaonekana ya watu wenye shida.

Toleo la nne sitaki kulisikia. Liliganda siku ya kukabidhi kazi ya watu, nikajifanya naumwa. La tano ndilo nililolipenda: lilichoma sidii bila kelele, na maua yake yote lilikuwa nayo.

Halafu Ijumaa nikaweka la sita.

Niliweka katikati ya kazi. Fundi mwenye akili humaliza kwanza alichoshika, lakini mimi na kitu kipya ni kama paka na dagaa. Nililiondoa la tano, nikaweka la sita, nikafungua kazi ya harusi ya Neema, nikahifadhi bila kutazama. Nilipoicheza, maua hayakuwepo. Wala mioyo, wala njiwa. Waliolitengeneza toleo la sita waliona mambo hayo yamepitwa na wakati. Nadhani hawajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi ya Ilala.

Niliicheza tena tangu mwanzo, nikitafuta ua moja tu.

Maana ua moja halikuwa pambo. Baba yake Neema alifariki mwaka jana, harusi ikiwa bado kwenye mazungumzo. Mama Neema aliniomba kitu kimoja tu: pale bibi harusi anapoingia ukumbini ameshikwa mkono na baba yake mdogo, picha ya marehemu itokee ndani ya ua, kwenye kona. Aliwatangazia kamati nzima. Ndugu wa marehemu walibaki mjini, hawakurudi Masasi, wakisubiri leo, siku ya kuvunja kamati, yaani karamu ya kuagana baada ya harusi, wamwone ndugu yao. Na huku kwetu kamati haivunjwi kwa pilau peke yake. Inavunjwa kwa video. Kila aliyehangaika anataka kujiona.

Sidii yangu ya toleo la tano imechubuka, haisomeki. Nikashuka kwa Mzee Jayanti, shikamoo yenyewe nikaitoa kwa sauti ya mgonjwa.

Mimi humtania mzee huyu kwa sababu hatupi boksi. Stoo yake imejaa maboksi ya redio zilizokwisha kufa zamani. Alinisikiliza, akaingia ndani, akarudi anapangusa vumbi kwenye boksi la toleo la tatu, sidii imo, kitabu kimo, mpaka ile nailoni yake imo.

"Wewe si ulikuwa unanicheka?" akasema. "Rehema, aliyeona maduka matupu hatupi boksi."

Nilimshika miguu, nusu utani, nusu kweli.

Jana nikalipachika kwenye kompyuta yangu ya zamani, nikavuta upya kipande kile kutoka kwenye kanda, nikaweka ua. Likakaa kona ya chini kulia. Huko ndiko linakokaa tangu lizaliwe, huwezi kulisogeza hata ulie. Marehemu ndani yake, shwari. Kazi imekwisha.

Ila nilikuwa nimeshaiona ile kona bila ua.

Ndiyo, kosa langu la Ijumaa lilinionyesha kitu. Kwenye kona ile, karibu na mlango wa jikoni, amesimama Mama Neema. Ukumbi mzima unamtazama bibi harusi, yeye hakuna anayemwona. Viatu amevishika mkononi. Mkono mwingine ameuinua kidogo, kama aliyeshika bega la mwenzake, na anacheza. Taratibu, macho kafumba, anacheza peke yake. Katika video yote ya harusi ya bintiye, amebeba masufuria, amewaita wahudumu, amempa mtu kitenge. Hapo tu ndipo alipokuwa mke wa mtu.

Na mimi nilikuwa nimemfunika kwa ua.

Nililia kidogo, nakiri. Kisha nikakaa na mashine mbili mbele yangu nikiwa sijui nifanye nini. Toleo la tatu lina ua, halina pa kulipeleka. La sita halina ua, lakini linakuruhusu kuweka picha popote upendapo. Nikimpa mama ua lake, ahadi yake kwa kamati imetimia na ndugu hawana neno. Nisipompa, wataniuliza mbele za watu nani kanituma, na aibu itamwangukia yeye, siyo mimi.

Nikaitazama tena picha ya marehemu. Ni picha ya studio ya zamani, amesimama wima na suti ya kijivu, nyuma yake pazia la bluu. Toleo la sita lina ufundi wa kufuta rangi moja iliyo nyuma ya mtu. Nikafuta bluu. Akabaki yeye na suti yake. Nikampunguza akawa saizi ya watu wa ukumbini, nikampeleka mpaka kwenye mlango wa jikoni, nikasogeza bega lake chini ya ule mkono.

Leo mchana, uani kwa Mama Neema, televisheni imewekwa juu ya meza na watu wamejaa mpaka kwenye ukuta. Bibi harusi akaingia, na kona haikuwa na ua. Katibu wa kamati, dada mmoja asiyekopesha maneno, akageuka.

"Rehema, ua la baba liko wapi?"

Baba mdogo akainuka kwenye kiti chake, akaisogelea televisheni, akanyoosha kidole kwenye mlango wa jikoni. Wa nyuma wakasimama wapate kuona.

Mama Neema aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena.

"Kumbe tulicheza," akasema.

Alicheka, machozi yanamtoka, akawauliza wanawake wenzake kwa nini hawakumwambia kwamba alikuwa miguu mitupu mbele ya wakwe. Kisha akaamuru pilau ipakuliwe. La ua hakuna aliyelitaja tena, hata katibu.

Nimemrudishia Mzee Jayanti boksi lake. Amelipeleka stoo, nami sikucheka.

Kesho naanza sendofu ya watu wa Buguruni, na wameshasema wanataka maua, mengi. Watayapata, toleo la tatu lipo kwenye kompyuta ya zamani. Ila sasa, kabla sijaliweka ua lolote, nitatazama kwanza linakwenda kumfunika nani.