Kula Mchana, Mwanangu

Mpendwa mwanangu Saumu,

Salamu za mama yako zikukute umekula. Sikuulizi kama hujambo, maana hilo utanijibu hujambo hata ukiwa umelala chini. Nakuuliza, umekula?

Barua hii nimeiweka ndani ya kopo, juu ya biskuti, bila bahasha. Usidhani nimesahau. Bahasha ninayo hapa, babako aliniletea. Nimeamua tu isiwemo, na sababu utaiona ukisoma mpaka chini.

Biskuti ni zile zile zako za machungwa. Ma'mkubwa wako alikuja na kikapu kutoka Muheza, machungwa yale ya ganda la kijani ambayo mgeni huyaona mabichi, kumbe ukiyakata maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimeparuza ganda juu juu tu, ule weupe sikuugusa usije ukatia uchungu. Nimefikicha maganda na sukari kwa vidole mpaka sukari ikalowa na nyumba nzima ikanukia. Halafu siagi, mayai, unga, baking pauda, maji ya machungwa na ndimu kidogo. Nimezioka kwenye sufuria ile ya mchanga, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na nimezitoa zingali zinabonyea katikati. Zingine zimetoka na pembe. Utanisamehe.

Naogopa, Saumu. Tangu mwezi wa Ramadhani ulipoandama sina raha. Nikiwa napika naogopa, nikiwa naswali naogopa, simu ikilia naogopa kuipokea, na isipolia ndiyo mbaya zaidi.

Unaukumbuka mwaka ule ulipoanza sindano? Ulikuwa bado shule ya msingi. Daktari alisema mtoto huyu asifunge. Babako akamwita maalim wako nyumbani, akaketi pale kwenye mkeka, akakwambia kwa mdomo wake, "Saumu, dini haikumtaka mgonjwa ajitese. Wewe kula, wazee wako watakutolea kibaba." Babako akawa anatoa, kila siku ya mwezi kibaba cha mchele kwenda kwa yule bibi kizee asiye na mtu. Wewe ukaitikia, "Ndiyo, maalim," umeinamisha kichwa kwa adabu. Mimi nikaona yamekwisha.

Kumbe watoto wa mtaa hawakuwapo kwenye mkeka. Walikuona kibarazani unakula muhogo, basi ikawa wimbo. "Kobe! Kobe huyo! Saumu hafungi saumu!" Sisi huku anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na wakubwa tunacheka, tunauona utani wa watoto. Siku ile sikucheka. Niliwafukuza na mwiko wakakimbilia kwenye kona, na pale kwenye kona wakaendelea. Nikakwambia, "Waache, hawajui una maradhi." Ukaniuliza, "Wakijua si wataniita mgonjwa?"  

Nikatafuta njia ya kukufurahisha. Mimi nimefunga, siwezi kuonja, nikakwambia wewe ndiye ulimi wangu mwezi huu. Chumvi ya mchuzi, sukari ya uji, tui la maharage, vyote vinapita kwako kwanza. Ukawa unatembea na kijiko kwenye mfuko wa gauni. Babako akirudi anakutania, "Fundi kijiko, leo mchuzi vipi?" Na wewe unajibu kwa madaha kama mpishi wa harusi, "Umepungua ndimu, lakini unalika." Akicheka yeye, unajikaza usicheke.

Halafu ikaja ile alasiri. Tulikuwa uani tunaoka biskuti za kufuturia. Wakati ule nilikuwa nazifanya ngumu, za kuchovya kwenye chai. Nilikupa bakuli la kinyunya nikakwambia onja. Ukachovya kidole, ukageukia ukutani kidogo, ukasema, "Tamu, mama." Nikasema haya, nikazitia motoni.

Nilipofunua sufuria nikaziona nyeupe, nikasema moto umekuwa mdogo. Nikageuka nikuambie ulete makaa, nikakukuta umekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, jasho linakutiririka, na uani kulikuwa na upepo. "Saumu!" Ukanitazama kama mtu anayenitafuta mbali. "Saumu, acha mchezo." Ukasema, "Kuku ameingia shuleni." Kisha ukalala ubavu, taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani mwake.

Nesi wa kliniki alikuwa ameshanifundisha. Akitoka jasho la baridi akaanza kusema ovyo, sukari imeshuka, mpe kitamu upesi. Nikachukua biskuti ya moto nikaivunja, nikakutia mdomoni. Ukatafuna kama mtu anayetafuna kitambaa. Nikangoja. Hakuna. Nikakutia nyingine. Ilikuwa ngumu, ulishindwa hata kuivunja, makombo yakakubakia mdomoni nikayatoa kwa kidole. Jasho tu. Ndipo nikaitia biskuti mdomoni mwangu mwenyewe, na jua bado liko juu, nikaitafuna.

Haikuwa na sukari. Unga na harufu ya machungwa, basi. Bakuli la sukari niliyokuwa nimeifikicha na maganda lilikuwa pale pale chini ya kawa, nimelisahau.

 Haina sukari, na wewe ulisema tamu. Basi hukuonja. Na kama hukuonja, umefunga. Umefunga tangu alfajiri, na asubuhi nimekudunga insulini kwa mkono wangu huu.

Sijui nilifikaje kwenye lile bakuli. Nilichota sukari na maganda yake nikaikoroga kwenye maji, nikakuinua kichwa, nikakunywesha kijiko kwa kijiko huku naliita jina lako. Ulikuwa ungali unameza, alhamdulillahi. Nilipiga kelele mpaka watu wa mtaa wetu wa Usagara wakajaa uani, mwingine anataka kukumwagia maji, mwingine anasema ni shetani atafutwe mtu wa kumsomea. Nikawaambia, "Nipisheni! Mtoto ana njaa!"

Ukafumbua macho. Ukanitazama mdomo wangu wenye makombo. Neno lako la kwanza, mbele ya watu wote wale, "Mama, na wewe kobe."

Watu walicheka. Mimi nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Muhogo wako wa mchana tuliukuta nyuma ya banda, kuku wanaugombania.

Tangu siku ile nazifanya laini. Nilijaribu mara nyingi, zingine zikatoka kama mkate, zingine zikabomoka, mpaka nikajua siri yake ni kuzitoa mapema, unapoona kama hazijaiva. Zikipoa zinakaa sawa. Nilitaka biskuti ambayo mtu asiye na nguvu ya kutafuna itamyeyukia mdomoni. Majirani wakaninong'ona, "Mtoto ana sukari, na mama yake anamwokea biskuti!" Kwao mwenye sukari akionja kitamu anakufa. Hawajui kwamba kinachonitisha mimi ni ile saa anapokikosa. Nikakushonea mfuko wa kanga wa kuvaa shingoni ndani ya nguo, ukaenda nao shule, ukaenda nao chuoni kwa maalim, ukakua nao.

Siku unaondoka kwenda chuo Dodoma, pale stendi, uliuvua. Ukautia kwenye begi, chini kabisa. Ukanishika mkono, ukasema, "Mama, kule hakuna anayenijua. Niahidi hutamwambia mtu. Nataka nianze kama wenzangu." Ulikuwa umevaa vizuri, umependeza, konda anakuita upande, nami nikasema, "Nakuahidi." Ningesema nini?

Sasa sikiliza. Juzi nilikupigia mchana. Nikasikia wenzako nyuma wanaongea habari ya futari, nani akanunue tambi, nani apike uji. Nikakuuliza, "Umekula?" Ukajibu, "Ndiyo, mama, nimekula." Nikakuuliza, "Umekula nini?" Ukasema, "Chakula."

Saumu. Aliyekula hasemi chakula. Anasema wali, anasema chapati, analalamika maharage yalikuwa na mawe. Na sauti yako ile naijua. Ni ile iliyogeukia ukutani ikaniambia tamu, mama. Halafu ikaanza kujiburuza. Ulisema, "Mama, nitaku… nitakupigia," ukanyamaza kama umesahau unaongea na nani, na simu ikakatika. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Nilikaa kwenye kizingiti na simu mapajani, futari sikuigusa mpaka babako akaniletea maji kinywani. Ndipo ukaandika, "Nilipitiwa na usingizi, niko poa."

Usingizi gani huo, mwanangu?

Babako anasema nikuache. "Mtoto ameshakuwa mtu mzima, Mama Saumu. Ukianza kuwaambia wenzake utamvunjia heshima yake." Nikamwambia, "Na akianguka bafuni, heshima itamwinua?"  Baadaye nikamwona anapima mchele wa kibaba, anapima anarudisha, anapima anarudisha. Anaogopa kama mimi, ila yeye hasemi.

Kibaba chako kinatoka kila siku, Saumu. Hakuna siku unayodaiwa. Kula bila kujificha, na wakikuita kobe, waache waite. Mimi sikukuzaa uwe sawa na wenzako. Nilikuzaa uwepo.

Najua wewe kopo hutalifungua peke yako, hujawahi kula kitu cha nyumbani bila kugawa. Na kila ukipiga simu unamtaja Neema, yule wa kitanda cha juu, kwamba ana mikono myepesi ya kufungua vifurushi vya watu, ndiyo maana barua sikuitia bahasha. Basi nalichukua neno langu nililokuahidi pale stendi, nalivunja hapa, na ninajua ninalolifanya.

Neema mwanangu, kama ni wewe uliyefungua, usiogope na usimcheke mwenzio. Saumu ana ugonjwa wa sukari tangu utotoni. Anajidunga insulini, nadhani anajificha bafuni. Ukimwona anatoka jasho bila joto, anatetemeka, anakasirika bila sababu au anasema maneno yasiyo na kichwa, usimwache alale. Mpe kwanza maji yenye sukari nyingi, au juisi, au soda yenye sukari. Akirudi sawasawa ndipo umpe biskuti ashikize tumbo mpaka apate chakula. Kama hawezi kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni, piga kelele, mtafutieni gari, mkimbizeni hospitali. Na mchana, kwa kuwa wewe hufungi, ukikaa kula, mwite. Atakataa. Mwite tena. Mwambie mama yake amekutuma. Biskuti kuleni wote, lakini hizo zilizofungwa kwenye kitambaa cha kijani ziwe zake, zikae mahali hata wewe unaweza kuzifikia.

Saumu, najua umesoma hapo juu na uso umekuwa wa moto. Nakuona. Umefunika kopo kwa nguvu, umesema mama amenitangaza, mama ameniaibisha mbele za watu ambao walikuwa wananiona mzima. Ni kweli, nimekutangaza. Nimeandika kwa wino, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne ambao hata asiyejua kusoma vizuri atausoma. Ulinipa siri yako niitunze, na mimi nimeitunza mpaka juzi, mpaka nilipokaa kwenye ule mlango nikaona naweza kubaki na siri yako mkononi bila ya wewe mwenyewe.

Nipigie simu ukanifokee. Niambie maneno yote, na yale ambayo mtoto hamwambii mama yake. Ukitaka usinisemeshe mpaka Idi, usinisemeshe, Neema atanijulisha unaendeleaje. Ukitaka usije nyumbani likizo hii, kaa huko. Nitaumia, lakini nitakuwa naumia kwa mtoto niliye naye.

Kasirika, mama. Kasirika sana. Lakini nikasirikie ukiwa hai.

Kwaheri ya kuonana, na Mungu akusimamie pale mkono wangu usipofika.

Ni mimi,
mama yako wa Usagara.