Vikaratasi Ulivyoviacha Ndani ya Vitabu

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu Jumanne ile tulipokukuta umetulia kwenye kiti chako cha dirishani, miwani puani, kitabu cha watoto kimelala kifuani. Baba alidhani umesinzia. Alikuwekea chai pembeni, akasema, "Itapoa hiyo." Ikapoa.

Nilitaka kuandika tangazo fupi kama watu wengine, lenye picha yako na mistari mitatu. Baba akakataa. Akasema, "Mwambie yote, na lile la vikaratasi usiliruke." Haya, siliruki. Nakuambia mbele za watu, ili nisije nikajipunguzia kosa.

Wasiokujua wajue kwamba kwa miaka thelathini na tisa ulikuwa mkutubi wa chumba cha watoto katika maktaba ya mtaa wetu, na kazi yako kubwa ilikuwa kutafuta vitabu vipya. Muuza vitabu alikuletea boksi la vilivyotoka karibuni, vya watoto na vya vijana, nakala moja moja. Alikuachia uvisome, halafu akarudi kuchukua vile ulivyovikataa. Wapo wanaosoma nyuma ya jalada tu wakajua la kuamua. Wewe ulisoma mpaka neno la mwisho, hata kile cha bata na vifaranga wake, na ulichokipenda ulikitia kikaratasi kilichochomoza juu.

Kwenye kikaratasi hukuandika umri wala darasa. Uliandika mtu. "Kwa aliyehamishiwa shule mpya katikati ya mwaka." "Kwa mwenye kaka anayesifiwa mno." "Kwa asemaye hapendi kusoma. Asiambiwe ni kizuri, aachiwe mezani ajikute nacho." Halafu ulimngoja mtoto huyo, na haikupita muda akaingia mlangoni na viatu vyake vya vumbi. Watoto wakakuita Mama Vikaratasi. Ulijifanya hulipendi jina hilo.

Mtoto akija amenuna hukumuuliza ana nini. Ulimvutia kiti, ukamsomea kurasa tatu nne, ukafika pale anaposhikilia pumzi, ukafunga kitabu. "Na kesho ni siku," ulisema. Alikuchukia kwa dakika moja, na kesho yake alikuwa mlangoni kabla hujafungua kufuli.

Mimi nilikuchukia muda mrefu zaidi, na hili hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Nyumbani ulirudi sauti imekwisha. Ulinianzia vitabu vingi, Mama, ukavikatisha pale pale patamu, lakini kesho yangu mimi ilikuwa haifiki, kwa sababu kesho yake ulikuwa na boksi jingine na watoto wengine. Nilipofika miaka tisa nikasema basi, sitaki tena kusomewa. Nikashika sindano. Nikawa mshonaji, na mteja akiniuliza habari za vitabu nilimjibu, "Hayo ni ya Mama." Nilijua unanisikia.

Boksi la mwisho lililetwa nyumbani kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kukusumbua. Vitabu ishirini na saba. Ulipokatazwa kupanda ngazi za maktaba ulisoma kama mtu anayekimbizwa, na Jumatatu, siku moja kabla ya ile Jumanne, ulimaliza. Vitabu ishirini na vinne vilikuwa na vikaratasi. Vitatu ulivikataa bila huruma. Mjukuu wako, binti yangu wa miaka kumi na minne, alipotoka shule ulimwambia, "Chako kimo humo. Nimekitafuta miaka miwili. Nitakupa ukifunga shule." Akakusumbua umwonyeshe jalada tu. Ukamfukuza na fimbo yako ya kutembelea, mnacheka wote wawili.

Sasa nisikilize. Siku ya tatu baada ya mazishi wageni walikuwa wanakuja, na chumba chako kilikuwa kimejaa. Unanijua, Mama. Mimi na uzi uliochomoza hatuivani. Nikiona nyuzi zinaning'inia kwenye pindo nazikata kabla sijajua nimezikata. Nikaona vitabu vimepangwa sakafuni, kila kimoja na karatasi inachungulia juu, na mkono wangu ukafanya unavyofanya siku zote. Nilivichomoa vikaratasi vyote. Nikavinyoosha, nikavibana kwa pini moja, nikavitia kwenye kopo la vifungo, na vitabu nikavirudisha kwenye boksi, vikubwa chini, vidogo juu. Nilijisifu kabisa kwa usafi ule.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Majuto yangu mimi yalikuja na mjukuu mwenyewe, amesimama mlangoni na sare ya shule, ameshika kopo la vifungo.

"Mama, hivi vilikuwa kwenye vitabu gani?"

"Sijui. Kwani vina kazi?"

Alikitafuta kikaratasi chake, akakipata. Kilisema: "Kwa mjukuu wangu, anayefoka ili asilie." Akakisoma mara mbili. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Bibi alikuwa bado anaongea. Umemnyamazisha."

Hakunisemesha tena ila salamu na ndiyo na hapana. Miezi, Mama. Boksi likakaa chini ya kitanda chako, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mwezi wa kumi tangu tukuzike, muuza vitabu akaja. Alikaa kitini ameshika kofia yake magotini. "Mama alikuwa rafiki yangu, sikutaka kuwabana," alisema. "Lakini hizi nakala si zangu, na wenyewe wanazidai. Narudi Ijumaa baada ya wiki tano. Kitakachorudi sitaweza kukileta tena." Mkutubi mpya, aliyeshika nafasi yako, naye alisema neno moja tu: "Alichokichagua yeye nakichukua kwa macho yaliyofumbwa. Lakini nionyesheni alichagua kipi, na kwa nani."

Kaka, mwanao fundi bomba, akaona njia ya mkato. "Tuvichomeke popote," alisema. "Nani atajua?"

Binti yangu alikuwa amesimama jikoni. "Mimi nitajua," alisema, akaondoka.

Basi hapakuwa na namna. Ilibidi tusome. Nyumba hii, Mama, ambayo watu wake watatu wakubwa hawakuwa wamemaliza kitabu tangu waache shule, ikabidi isome vitabu ishirini na saba kwa wiki tano. Nilibandika karatasi ukutani, nikaandika kila jalada kwa rangi yake, na vikaratasi nikavibandika pembeni. Baba alisoma kwa kioo cha kukuzia, kwa sauti, kidole kwenye mstari. Alipopata kile cha msichana golikipa hakutaka kukiachia. Alikuwa akinifuata hadi chumba cha kushonea kunipa matokeo ya mechi. Kaka alisoma ndani ya gari lake la kazi. Kile cha ndama aliyefiwa na mama yake kilimrudisha nyumbani macho mekundu, akasema ni vumbi la saruji. Baba akamwambia, "Vumbi hilo na mimi lilinipata ukurasa wa sitini."

Sikujua, Mama. Nilidhani vitabu vya watoto ni sungura na fisi na tabia njema. Kumbe siku hizi vinathubutu. Kimo cha mtoto anayemficha baba yake aliyepoteza kazi. Kimo cha mvulana anayejua kwamba rafiki yake anapigwa, na hajui amwambie nani. Nilielewa kwa nini ulirudi umechoka.

Kupatanisha ndiko kulikotutoa jasho. "Kwa anayengoja simu isiyolia" tulikijua mara moja, kile cha binti wa baharia. Lakini "Kwa mwongo mwenye moyo mzuri" kilifaa vitabu viwili, na Baba na Kaka walibishana siku nzima, wakanuniana mpaka chakula. Tukikosea kimoja, tumekosea na cha pili, na tukikosea cha pili, cha mjukuu wako kinaweza kuondoka na gari. Kila asubuhi niliangalia ukuta, nikahesabu siku, nikakosa hamu ya chai. Wiki ya nne ikaisha. Vikaratasi vinane bado, na binti yangu anapita ukumbini anatazama ukuta kwa jicho la pembeni.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nilikuwa napiga pasi gauni la mteja, kitabu nimekiegemeza kwenye cherehani. Kina jalada la kijani na ngazi ndefu. Mna mtoto aliyepanda kwenye tangi la maji kumtafuta mdogo wake, na ngazi inaanza kulegea, misumari inatoka mmoja mmoja. Nikafungua ukurasa. Nikafungua mwingine. Nilisikia harufu, nikadhani iko kwenye hadithi.

Binti yangu ndiye aliyeingia mbio akachomoa waya. Gauni lilikuwa na tundu lenye umbo la pasi, mgongoni, katikati kabisa. Akalitazama. Akatazama kitabu. Akanitazama mimi, mama yake, mwenye kukaripia watu kwa uzi mmoja. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ile Jumatatu yenu ya fimbo.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Msumari wa tatu."

Akavuta kigoda, akachukua kitabu kingine kutoka kwenye boksi, akakaa. Mimi kile cha ngazi nilikifunga, nikaanza kutafuta kitambaa cha kufanana na gauni la watu, na sikukirudia tena kwa kuona kimeniponza vya kutosha.

Ijumaa ikafika. Muuza vitabu alisema saa sita. Saa nne gari lilikuwa langoni. Ukutani vilibaki vikaratasi viwili. Boksini vilibaki vitabu vitano, yaani viwili ulivyovipenda na vitatu ulivyovikataa, na hatukujua vipi ni vipi. Kikaratasi kimoja kilikuwa cha mjukuu wako. Kingine kilisema: "Kwa niliyemkatishia, asomewe mpaka mwisho." Hicho tulikuwa tumekiacha makusudi. Watoto uliowakatishia ni mtaa mzima.

Binti yangu alikuwa na vitano vyote kichwani, maana alikuwa amevisoma siku nne mfululizo, akila na kitabu, akipiga mswaki na kitabu. Alikaa sakafuni, akavipanga mbele yake. Muuza vitabu akaingia na kamba ya kufungia boksi, akasimama. Baba akamwashiria angoje. Mimi nikatia mikono mfukoni mwa aproni.

Vitatu alivisukuma pembeni. "Hivi Bibi asingevipenda. Hivi vinahubiri." Vikabaki viwili: kile cha ngazi, na kingine chembamba chenye jalada la njano, kinachomhusu msichana anayelinda duka la mzee aliyekufa na kumfokea kila anayekuja kulinunua.

Alishika kile cha njano. "Huyu anafoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mia na kumi," alisema. "Ukurasa wa mia na kumi na moja..." Alikibana kifuani, akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, mabega yote yakilia, na hakumfokea mtu. Nikapiga magoti sakafuni nikamshika. Aliniachia nimshike.

Muuza vitabu akageukia dirisha, akachezea kamba yake.

Alipotulia akaokota kile cha ngazi, na kikaratasi kilichobaki, akakichomeka juu, kikachomoza kama ulivyokuwa unakichomeka wewe. Akanipa.

"Nikipeleke maktaba?" nikauliza.

"Maktaba baadaye. Hiki ni chako, Mama."

"Changu kivipi?"

"Hiki ndicho ulichounguzia gauni. Na Bibi alimkatishia nani mpaka akaacha kusoma?"

Nilikitazama kikaratasi kile. Kilikuwa mkononi mwangu tangu siku ya tatu. Nilikichomoa mimi, nikakinyoosha mimi, nikakibana na pini. Mwandiko ulikuwa umeyumba kidogo, wa siku za mwisho. Ulikuwa unanitafutia kitabu, Mama, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, kwenye boksi la watoto, na ulikuwa umekipata. Nililia vibaya mbele ya mgeni na sikujali.

Gari liliondoka na vitabu vitatu. Mkutubi mpya alipokea ishirini na viwili, kila kimoja na kikaratasi chake, na viwili akatuazima kwanza. Juzi amenipigia kusema yule mwongo mwenye moyo mzuri amejitokeza mwenyewe. Amesema kitabu si chake, ni cha rafiki yake.

Kikaratasi kimesema asomewe, basi nasomewa. Kila alasiri binti yangu akitoka shule anakaa kwenye kigoda, mimi nashona, yeye anasoma. Ana sauti yako. Akifika pale msumari unapotoka anafunga kitabu, ananitazama kwa jeuri, anasema, "Na kesho ni siku." Namchukia kwa dakika moja. Kesho inafika, Mama. Kila siku inafika.

Wanaokukumbuka ni mumeo, anayetafuta sasa vitabu vingine vya golikipa; mwanao fundi bomba, mwenye vumbi machoni; mjukuu wako, ambaye siku hizi analia akitaka kulia; mkutubi aliyeshika nafasi yako, muuza vitabu, na watoto wa chumba chako; nami binti yako, mshonaji, niliyevichomoa.

Humu ndani hutasahaulika. Leo alasiri tunasoma sura ya mwisho, na kiti chako cha dirishani tumekivuta karibu.