Cheti cha Babu Iacob

Padova, Italia
Jumapili, 21 Machi 2010

Kwa kaka yangu mpendwa Nichifor,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi yangu Lidia na binti yetu Mihaela. Mgongo unaendeleaje? Lidia aliniambia kwamba mwezi uliopita ulishindwa hata kuinama kufunga viatu, na kwamba ukiulizwa unasema ni baridi tu. Nakujua. Hata ukivunjika mguu utasema ni baridi. Kwa upande wangu sijambo, kazi ipo, magoti yanalia kidogo nikipanda ngazi, lakini umri nao ni umri.

Barua hii nampa Fiodor, dereva wa basi dogo la Jumapili, pamoja na mfuko wa siku zote: kahawa, mafuta ya zeituni, na dawa ya kupaka mgongoni. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi, asimwachie jirani Filip, maana Filip huusoma mfuko wa mtu kwa macho kabla mwenyewe hajaufungua. Utashangaa kwa nini sikupiga simu kama kawaida. Kwenye simu huwa unaanza kunionea huruma kabla sijafungua mdomo, na huruma yako ndiyo inayonifunga mdomo. Kwenye karatasi hutaweza kunikatiza.

Kabla ya yote nina ombi. Uliniambia kwamba Pasaka ikipita utaliuza shamba la mizabibu la baba, umlipe yule dalali wa Chișinău aliyeahidi kumvusha Mihaela mpaka huku kwa visa ya kununua. Kaka, usitie saini popote kabla hujaisoma barua hii hadi neno la mwisho. Ukishaisoma, uamuzi ni wako.

Sasa nikupe habari za huku. Mzee Ottorino, yule ninayemtunza, ametimiza miaka themanini na minane. Hatembei tena bila kushikwa, lakini ulimi wake unakimbia. Ananiita Moldova, kana kwamba nchi nzima imekuja kumfulia shuka. Mchana hula ugali wao wa mahindi, ambao ni mămăligă yetu hasa, ila wao huuita polenta na kuuona ni uvumbuzi wao. Nilipomwambia kwamba nimekula ugali huo tangu nikiwa mtoto, alikasirika, halafu akaanza kunisimulia mambo ambayo sikuyategemea.

Alisema utotoni mwake hapa walikula ugali huo asubuhi, mchana na jioni, bila kitu, mpaka watu wakaugua ngozi. Baba zake wadogo wawili walikwenda Brazili na hawakuonekana tena. Yeye mwenyewe baada ya vita alipelekwa kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji, akalala kwenye mabanda waliyokuwa wamefungiwa mateka, na kwenye milango ya nyumba za kupanga waliandika kwamba Mwitalia asibishe hodi. Mimi, kaka, nilidhani watu hawa walizaliwa na barabara hizi za lami na hospitali hizi. Nilidhani wana kitu katika damu ambacho sisi tulinyimwa.

Siku moja akaniuliza inakuwaje watu wenye udongo mweusi kama wetu, wenye zabibu na jozi na ngano, wanakimbilia nchi za wenzao kuwaogesha wazee. Nikamjibu kama tunavyojibu sote. Nikawataja Warusi waliowapakia watu wetu kwenye mabehewa na kuwapeleka Siberia. Nikaitaja njaa ya mwaka arobaini na sita. Nikawataja wakubwa waliogawana mali za shamba la pamoja, matrekta mpaka mabati ya zizi, siku tulipoambiwa tuko huru. Yote ni kweli, hakuna nililoongeza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akauliza taratibu: "Na wewe, Moldova, huko ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilimwambia nilikuwa karani. Kisha nikaenda kukoroga supu ambayo ilikuwa imeiva zamani.

Wewe unajua nilikuwa karani wa namna gani. Miaka kumi na sita nilikaa nyuma ya dirisha lile la ofisi ya kijiji cha Cotul Viei, na daftari zote za vizazi, ndoa na vifo zilikuwa kabatini nyuma ya kiti changu. Mtu akija na mikono mitupu, muhuri ulikuwa umefungiwa, au mwenye ufunguo ametoka, au arudi Alhamisi. Akija na konyaki na boksi la chokoleti, ufunguo ulipatikana. Sikuwahi kumwambia mtu alete chochote, na hilo nilijivunia, nikajiona mwema kuliko makarani wa wilayani ambao walitaja kabisa wanachotaka. Unakumbuka Filip alivyokuwa akisema dukani mbele ya watu: "Kwa Zinaida bila konyaki hata kufa hufi, maana hatakuandika." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Mwezi uliofuata mama yake Filip akafariki, naye akaja dirishani na chupa. Niliipokea. Macho yake hakuyainua, nami nikaandika cheti cha kifo vizuri, kwa mwandiko wangu ule uliosifiwa.

Hapa Italia ilinipasa kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Wiki nzima sikupata usingizi mzuri kwa kuwaza nitampa nini karani, maana sikujua desturi zao. Nikanunua chupa nzuri, nikaifunga kwa karatasi. Dirishani alikuwa msichana mdogo anayetafuna peremende. Aliangalia karatasi zangu, akagonga muhuri, akanipa, hata dakika kumi hazikufika. Nikaiacha chupa pembeni ya dirisha, kama tunavyoiacha sisi, bila neno, nikaondoka haraka. Nilikuwa nimefika kwenye kituo cha basi niliposikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni yule msichana, bila koti katika baridi ile, anahema. "Mama, umesahau chupa yako," akaniambia, akaniwekea mkononi, akarudi mbio kazini kwake. Hakuwa ananisuta. Wazo kwamba ile ni zawadi yake halikumpitia hata kidogo.

Nililia pale kituoni mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Kaka, nilikuwa nimewalaumu Warusi, na njaa, na wakubwa. Lakini Warusi hawakumrudisha nyumbani mjane wa Toader mara tatu katika matope kwa ajili ya karatasi ya pensheni. Ni mimi. Nchi ile watu wanayoikimbia, sehemu yake moja ilikuwa imekaa kwenye kiti changu na imevaa sweta langu.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya niandike.

Utakumbuka vuli ya mwaka 2003. Shemeji yako alikuwa amekupatia kazi ya kupiga lipu Bologna, na kilichokuzuia kilikuwa pasipoti tu. Ukasikia kwamba Romania inawarudishia uraia wajukuu wa wale waliozaliwa upande wetu wa mto wa mpakani, zamani zile upande huu ulipokuwa chini yao, kabla ya mwaka arobaini. Babu Iacob alizaliwa mwaka ishirini na moja. Kumbe kuzaliwa kwake katika mwaka ule tu kungekufungulia Ulaya nzima. Ukaja dirishani kwangu, umevaa koti la sherehe kana kwamba unaenda kwa mgeni, ukaniomba cheti chake. Nami nikakuambia kwamba daftari la mwaka ule liliungua wakati wa vita, na kwamba karatasi ya zamani aliyoitunza mama nyuma ya picha takatifu imeliwa na panya. Hukuuliza mara ya pili. Huku kwetu vitu vya watu vimeungua sana, na nani angemshuku dada yake? Ulisema tu, "Basi, Zina, ndiyo bahati yetu," ukaenda zako.

Halikuungua, Nichifor. Lilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka pale uliposimama. Karatasi ya mama nilikuwa nayo mimi, alinipa niitunze kwa kuwa mimi ndiye mtu wa ofisi.

Nilifanya hivyo kwa sababu mama alikuwa amepata kiharusi majira yale ya joto. Mume wangu Simion alikuwa amekwenda Moscow kwenye ujenzi na kupotelea huko. Nilijua ukivuka wewe, atabaki mama na mimi, na mimi na mama. Niliogopa. Nilijisemea nakuzuia mwaka mmoja tu, halafu nitalipata daftari kwa muujiza. Mwaka ukapita, kisha wa pili, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo muujiza ulivyokuwa mgumu kueleza. Mwaka 2005 nililitoa daftari, nikajiandikia nakala mwenyewe, nikapata uraia mimi. Nikakuambia nimepata visa ya dalali, kwamba ikiisha nitakaa kwa kujificha, na kwamba nikitoka Italia sitaweza kurudi tena. Nikakuachia mama.

Miaka minne ulimwinua kitandani peke yako, asubuhi na jioni, mwanamke mzito kama yule, na huo ndio mgongo ambao leo unauita baridi. Mimi kwa wakati huo huo nilikuwa nikimwinua mzee wa watu kwa mshahara, na ukinipigia ulikuwa unanisikitikia mimi.

Na ule mwezi wa pili wa mwaka jana, ulipopiga kuniambia mama amefariki, nilikaa kimya, nawe ukadhani ninalia kwa kuwa siwezi kuja. Ukaniambia: "Usije, Zina. Wakikukamata mpakani utapoteza kila kitu. Mama ataelewa." Pasipoti ya Romania ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba uko mapajani. Ningeweza kupanda basi siku ileile na nikafika kabla hamjamtoa nyumbani. Lakini ningefika, ungeniuliza nimepitaje, na sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Mama alizikwa na mimi nimekaa Padova, mtu huru kabisa, namlisha Mzee Ottorino.

Sina cha kujitetea. Nina aibu, kaka, na si aibu ya kusema tu, naamka nayo. Sikuandika mapema kwa sababu huruma yenu ilikuwa tamu, na niliizoea.

Ndani ya bahasha hii utakikuta cheti cha babu Iacob, kile cha asili, chenye muhuri wa mfalme wao. Kinatosha kwa Mihaela. Sheria inawafikia mpaka vitukuu, na tangu mwaka jana mambo yanakwenda upesi. Mwambie asimpe dalali hata senti. Shamba libaki lako. Lakini sitakudanganya tena hata kwa kunyamaza: nilikificha cheti hiki nisibaki peke yangu, na leo nakutumia nikijua kwamba kitamchukua mtoto wako wa pekee, na kwamba mtabaki wawili, wewe na Lidia, katika nyumba kubwa. Nimekurudishia haki yako ikiwa imechelewa kiasi kwamba nayo itakuumiza. Wewe, kwa mgongo huo, hutafika Bologna tena. Hilo siwezi kulitengeneza.

Pasaka ya Wafu, wiki moja baada ya Pasaka, tunapokula makaburini pamoja na marehemu wetu, nitakuja. Basi linafika Jumamosi. Kama hutaki kuniona, usinifungulie. Nitalala kwa mjane wa Toader akinikubali, na Jumatatu nitakwenda makaburini na kutandika kitambaa changu cha chakula pembeni ya chenu, hata mkinipa mgongo.

Nisalimie sana wifi Lidia, na Mihaela, na wote wanaoniulizia. Filip naye msalimie, umwambie nitakapokuja nina neno langu na yeye juu ya ile chupa.

Na jambo la mwisho. Lidia aliniambia kwamba kila Jumapili huandika jina langu kwenye karatasi ya maombi anayompa padre, kati ya wale ambao mipaka imewazuia kurudi nyumbani, na kwamba padre huyasoma majina hayo kwa sauti na kanisa zima hupiga magoti. Mwambie Jumapili ijayo anifute. Hakuna aliyenizuia.

Mdogo wako,
Zinaida